Siku Tatu Ndani ya Mamba, Mimi na Mama Mkwe

Tangu nirudi sijapumzika. Kwenye chumba cha walimu mnaniuliza, kwenye foleni ya maji mnaniuliza, na padri alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akataka kujua kama ni kweli yale aliyoyasikia kutoka Katogota. Kila mtu ana kipande chake cha hii safari, na vipande vingi ni vya uongo. Basi naandika yote mara moja. Someni, mpeane, kisha mniache nisahihishe madaftari ya watoto. Habari za vyeti na mihuri nitaziruka, maana hata zilipokuwa zinatokea mimi nilikuwa nasinzia kwenye benchi.

Nianze na gari lenyewe, kwa ajili ya wale wachache ambao hawajalipigia picha.

Baba mkwe wangu, marehemu Papa Riziki, alikuwa fundi wa magari pale Kalundu, karibu kabisa na ziwa. Zamani alikuta bodi la gari la wakati wa Wabelgiji ndani ya ghala la pamba lililoachwa, kuku wakitaga kwenye kiti chake cha nyuma. Akawahamisha kuku, akaliburuta bodi nyumbani. Kwa miaka kumi na moja alilikata paa na kulishusha mpaka likamfikia mtu mzima kifuani. Aling'oa viti vya nyuma vikabaki viwili vya mbele, akapachika moteri ya minibasi, akafunga matairi mapana nyuma na membamba mbele. Pembeni mwa boneti hakuweka bati, makusudi, ili watu waione moteri ilivyosuguliwa ikang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Rangi akapaka kijani kilichoiva. Pua ndefu, tumbo karibu na ardhi: watu wakaliita Mamba, na sisi tunaoishi karibu na mto Ruzizi hatukuuliza kwa nini.

Papa Riziki alifariki, na baada yake ziwa likapanda. Wa Kalundu mnakumbuka. Maji yaliingia uani, yakaingia gereji, yakaingia chumba cha kulala. Siku yalipofika kwenye ringi za Mamba, mama mkwe wangu aliita watu wa mtaa, tukalisukuma mpaka barabarani. Nyuma yetu kitanda chake kilikuwa kinaelea. Tangu siku ile analala chumba kimoja na dada yake na wajukuu wa dada yake, na alichokuwa akitamani ni kiwanja huko juu mlimani, mahali ambapo, kwa maneno yake, samaki hawawezi kumtembelea.

Kwa hiyo Mamba akatangazwa. Tuliweka picha kwenye simu, na majibu yakaja. Mmoja alitaka matairi tu. Mwingine aliuliza kama linabeba mchanga. Wa tatu aliomba kulikodi kwa mazishi ya mjomba wake ambaye, tulipomuuliza, alikuwa bado hajafa. Mwishowe akapiga simu Bwana Zihalirwa, mtu wa Bukavu mwenye ukumbi wa arusi. Alisema atashuka mpaka Kamanyola siku ya Alhamisi, nasi tulilete hapo, lakini lije kwa miguu yake. Gari lililobebwa na lori, alisema, yeye halihesabu kuwa gari.

Katika familia mwenye permi ya kuendesha ni mimi peke yangu. Na mama mkwe wangu, Mama Riziki, akasema ataenda pia.

Hapo ndipo mke wangu, Riziki, alipokaa chini akaanza kucheka. Mnajua mila ya bukwe. Watu wa mjini wameshaiacha, lakini mama mkwe wangu hakuiacha: mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, hamtazami usoni, na zaidi ya yote hali mbele yake. Miaka kumi na miwili nimeoa binti yake, na sikuwahi kutafuna kitu akiniona. Sasa tuna viti viwili, vimegusana.

Uvira hadi Runingu

Jumanne asubuhi alikuja na suluhisho amelikunja chini ya kwapa. Ni kitenge cha njano chenye picha za majogoo. Alikifunga kwenye paa kwa kamba, kikashuka katikati yetu mpaka chini. Yeye kulia, mimi kushoto, majogoo katikati. Heshima ilikaa mahali pake, ila kioo cha pembeni cha kulia nacho kikaenda na heshima, nikawa ninaendesha kama mtu mwenye jicho moja.

Hakusema nami moja kwa moja. Aliongea na hewa. "Kama kuko mutu anaendesha hii gari," alisema tulipofika Kavimvira, "iko vizuri aone ile ng'ombe." Nikakanyaga freni. Ng'ombe alikuwa upande wa pili wa majogoo.

Kabla ya Kiliba tulikuwa tumeshasimamishwa mara tano, na wote walitaka kuona tu. Kumbe mmoja wa waliotuona alikuwa na namba ya simu ya Runingu, na Runingu ndiko alikozaliwa mama mkwe wangu. Ndugu yake mdogo, Mjomba Bahati, alipata habari hivi: dada yako anapita, yuko ndani ya gari la arusi, na kuna mwanaume amefichwa nyuma ya pazia.

Tulikuta benchi katikati ya barabara. Juu ya benchi amekaa Mjomba Bahati, amevaa koti, na nyuma yake wazee watatu wa ukoo. Mimi nilikuwa na miwani ya jua na kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi, maana kioo cha mbele cha Mamba kimekatwa kifupi na upepo unaingia wote. Mjomba hakunitazama. Alienda upande wa dada yake na kuinama dirishani.

Alimwambia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeumia, kwamba kuolewa tena si dhambi, lakini kupita mbele ya nyumba ya baba yao na mwanaume, bila kumleta asalimie, hilo hakulitarajia. Kisha akaanza kuuliza. Huyu mutu ni wa ukoo gani?

"Ni wa watu wazuri," alijibu Mama Riziki.

Iko na kazi? Anafundisha. Anakunywa? Kidogo, siku ya sikukuu. Anakuheshimu?

"Huyu," alisema mama mkwe wangu, "hawezi hata kukula mbele yangu."

Wazee wakatazamana, wakaona huyo ni mume wa ajabu sana. Nilikuwa nasikiliza haya yote nyuma ya majogoo, nikingoja aseme mimi ni nani. Hakusema. Mpaka leo naamini alikuwa anafurahi. Mwishowe nikavua miwani na kitambaa, nikasogeza pazia kidogo.

"Mujomba, ni minye. Bwana ya Riziki."

Mjomba Bahati alinitazama muda mrefu. Mara ya mwisho aliniona siku ya arusi yangu, na wakati ule nilikuwa mwembamba. Kisha akageuka kumtafuta mtu wa kumlaumu, na yule aliyemletea habari alikuwa ameshaondoka.

Lakini tusingeweza kuendelea. Kuku alikuwa ameshachinjwa, shangazi walikuwa njiani kutoka mashambani, na mwenyeji kwa aibu yake alitaka kutuheshimu kuliko kawaida. Akaamua tule wote meza moja, kama watu wa mjini. Aliniweka mkabala na mama mkwe. Palikuwa na ugali wa muhogo mweupe, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese, ndagala za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa, na yule kuku. Nilimega tonge moja nikaliona linakua mdomoni. Nikalitema kwenye kiganja kwa adabu, nikasema tumbo halikai sawa. Kila mtu alinionea huruma, na wakala sehemu yangu.

Runingu hadi Kiringye

Jumatano asubuhi nilikunywa chai nikiwa nimegeukia ukuta. Hicho ndicho kilichokuwa kifungua kinywa changu.

Mpango wangu ulikuwa Sange. Pale sokoni kuna mama mmoja anauza mandazi makubwa, namfahamu tangu enzi za semina za walimu. Nilisimamisha Mamba nikasema naenda kutafuta maji ya radieta. Watu walikuwa wameshatuzunguka. Fundi baiskeli alilala chini kuchungulia tumbo la gari, akaomba asiamshwe. Mzee mmoja aliniambia kwamba gari kama hili lilimgonga utotoni, akalipapasa kama rafiki. Nikapenya mpaka kwa mama wa mandazi, sikumkuta. Naye alikuwa ameenda kupiga picha na Mamba. Kwenye beseni lake walikuwa mbuzi wawili, wanamalizia mandazi.

Nilirudi na maji.

Kabla ya kufika Luvungi mvua ya usiku ilikuwa imekata njia na lori la mihogo limelala ubavu katikati ya tope. Dereva wake alikuwa juu ya magunia anakula embe bila haraka. Mtu wa pikipiki akatuambia kuna njia ya kuzunguka, tupite upande wa milima, tuingie Kiringye, tutatokea mbele. Njia ile ilitengenezwa kwa ajili ya miguu. Tumbo la Mamba lilikwaruza kila jiwe, na kila lilipokwaruza nilisikia upande wa pili wa pazia mtu akivuta hewa kwa meno, kana kwamba ni ngozi yake.

Tulipoingia Kiringye tulisikia ngoma. Kina mama waliovaa vitambaa vyeupe vichwani walikuja kutupokea barabarani wakiimba, wakatutangulia mpaka uwanja wa kanisa. Nilidhani ni uchangamfu wa watu wa pale. Mzee wa kanisa alinifungulia mlango, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Karibu, mutumishi. Tulikuwa tunakungoja tangu saa tatu."

Nikasema nadhani kuna kosa. Akamgeukia mama mkwe, kwa kuwa ndiye mtu mzima, akamuuliza kwa adabu mimi ni nani.

"Ni mwalimu," alisema.

Na ni kweli, mimi ni mwalimu, wa hesabu, darasa la tano. Lakini mnajua kanisani mwalimu ni nani: ni yule anayehubiri. Ngoma ikaongezeka. Nikaongozwa mpaka meza ya mbele yenye kitambaa, mama mkwe akawekwa karibu yangu kama mama wa mtumishi, na chakula kikaletwa kabla ya neno, kwa sababu tumetoka mbali. Wali wa bondeni, unanukia. Kuku mzima. Ndizi zilizochemshwa na karanga. Nilikuwa na njaa kiasi kwamba macho yalikuwa yanaona vitu viwili viwili, na hata hivyo viwili viwili ningevimaliza vyote.

Mama mkwe wangu akachukua paja la kuku. Watu wote wakanitazama mimi.

"Nimefunga," nikasema.

Mzee wa kanisa akauliza kwa sauti ya chini, tangu lini?

"Tangu jana," akajibu mama mkwe wangu, akitafuna. Uongo haukuwemo hata kidogo.

Mnong'ono ukapita benchi kwa benchi. Mtu anayefunga safarini, kwenye njia kama ile. Wakaniomba neno. Nilisimama, nikasema kitu pekee kilichokuwa kichwani, yaani mikate. Niliwaeleza mikate mitano kwa watu elfu tano: kila mmoja anapata sehemu moja ya mkate ambao umekatwa vipande elfu. Nikawaomba wafikirie ukubwa wa kipande kile. Nikawaambia hesabu inakataa, na mahali hesabu inapokataa ndipo mtu hujua kwamba aliyegawa hakuwa mtu wa hesabu. Mama mmoja alianza kulia. Sijawahi kupata usikivu kama ule darasa la tano.

Nilikuwa katika vikapu kumi na viwili vya mabaki ilipoingia pikipiki, na juu yake mtu aliyepakwa tope mpaka nyusi, ameshika Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Huyo ndiye mwinjilisti waliyekuwa wanamngoja. Nikakiri mbele ya wote kwamba mimi ni mwalimu wa shule, kwamba tuko njiani kuuza gari. Kisha yule mwinjilisti akaanza kucheka, na kanisa likacheka naye, na mzee wa kanisa alicheka mpaka akakaa chini. Mwinjilisti akasema nimemfanyia nusu ya kazi. Wakatupa pa kulala.

Kuhusu kuku, tayari nilikuwa nimesema nimefunga, na mama mkwe alikuwa bado mezani.

Kiringye hadi Katogota

Alhamisi asubuhi walitusindikiza na zawadi: mkungu wa ndizi mbivu, karanga za kuchemsha ndani ya mfuko, na chupa kubwa ya maziwa ya mgando. Nikaviweka nyuma ya viti. Kwa kilomita nzima nilikuwa nasikia harufu ya zile ndizi kuliko mlio wa moteri.

Tuliporudi kwenye barabara kubwa, pembeni ya mfereji wa mashamba ya mpunga, nilisimama. Nikasema, nikiongea na hewa kama yeye, kwamba moteri imepata joto na ni lazima ichunguzwe. Nikachukua mfuko wa karanga, nikachukua maziwa, nikavunja ndizi nilizoweza kubeba chini ya shati. Nikafungua boneti, likasimama kama ukuta kati yangu na heshima. Nikala.

Sitawaambia nilikula ndizi ngapi. Nilikula kama mtu anayefukia shimo. Karanga nilimwaga mdomoni kutoka kwenye mfuko, na maziwa yakafuata bila kupumua, nusu chupa, kisha nusu nyingine. Nilifunga boneti, nikapangusa mdomo kwa kitambaa cha mafuta, nikarudi kwenye usukani nikiwa mtu mpya.

Mtu mpya alidumu mpaka Katogota.

Ilianza kama ngurumo ya mbali, nikadhani ni ekzosi. Halafu tumbo likajikunja, nikasimamisha gari ghafla mbele ya nyumba ya kwanza, nikakimbilia shamba la muhogo bila kusema na hewa wala mtu. Nilirudi. Nikashika usukani, nikakimbia tena. Mara ya tatu sikurudi, nilibaki nimekaa kwenye kivuli cha muhogo nikiomba nife polepole na kwa siri. Mwenye shamba alikuja, mama mmoja mnene mwenye jembe begani, akanitazama, akaelewa bila maelezo. Akaenda kuchemsha majani ya mapera, dawa ya tumbo.

Hapo simu ikalia. Bwana Zihalirwa alikuwa ameshafika Kamanyola tangu asubuhi. Saa sita atapanda mlima kurudi Bukavu, kwa kuwa jioni ana arusi ukumbini, na hajui kama atashuka tena. Ilikuwa imeshapita saa nne. Nilijaribu kusimama, dunia ikazunguka, nikakaa.

Nikafikiria kile kiwanja. Nikafikiria chumba cha dada yake na watu saba ndani. Nilikuwa nimeharibu safari ya mama mzima kwa ajili ya ndizi.

Alikuja mwenyewe mpaka kwenye muhogo, kikombe cha majani ya mapera mkononi. Alinipa. Kisha alikaa chini, karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, alinitazama usoni.

"Kunywa," alisema. "Ile gari haina bati pembeni ya moteri. Nilikuona wakati wote."

Nilikunywa mbele yake. Sikuwa na nguvu ya kugeuka. Yule mwenye shamba alileta na bakuli la uji wa mtama, mwepesi, na Mama Riziki akakaa pale mpaka nikaumaliza, akihesabu vijiko kwa macho kama vile anamlisha mtoto wa homa. Alipoona nimemaliza akasema tu, "Miaka kumi na mbili. Nilikuwa nafikiri hauna meno."

Kisha akanyoosha mkono. Alitaka ufunguo.

Nilimwambia haiwezekani, kwamba Mamba si gari la kawaida, vitesi vyake, yaani gia, vimepangwa kinyume.

"Najua," alisema. "Ya kwanza iko mahali pa ya tatu. Minye njo nilimwambia mzee aiache vile, sababu goti yangu ilikuwa inagonga."

Katogota hadi Kamanyola

Alikifungua kitenge kabla ya kuingia, akakikunja, akakitia mgongoni kwake kiti kimfae. Aliangalia kioo cha kushoto, cha kulia, cha juu. Nusu ya Katogota ilikuwa barabarani. Mimi nilikaa kiti cha abiria na bakuli tupu magotini, kwa tahadhari, zawadi ya mwenye shamba.

Mamba aliondoka bila kushtuka. Kwangu mimi huwa anaruka kama chura. Kwake aliteleza tu, na vitesi vikaingia bila kelele.

Alinisimulia akiwa anatazama mbele. Fundi anayejenga gari peke yake ana shida moja, alisema: hawezi kuendesha na papo hapo akasikia gari linavyolia kwa nje. Papa Riziki alihitaji mtu wa kushika usukani huku yeye akining'inia ubavuni, sikio kwenye moteri. Hakutaka mafundi wenzake waone kabla hajamaliza. Basi kila Jumapili baada ya misa walienda kwenye njia za mashamba ya miwa ya Kiliba. Yeye mama anaendesha, mzee ananing'inia na kupiga bati kwa kiganja: mara moja, ongeza, mara mbili, badilisha. Miaka kumi na moja. Gari lilipokamilika mzee alilitoa barabarani, watu wakamsifu, na mke akarudi kwenye kiti cha kulia.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kamwe.

"Hakuna mutu aliniuliza," alisema. "Lakini ni miwa tu njo iliniona. Miwa haisemi. Nilitaka watu wanione mara moja."

Basi walimwona. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha mitwangio hewani. Watu wa baiskeli zenye mihogo walishuka kwenye mitaro kwa hiari yao. Askari mmoja wa bariyeri, aliyekuwa ameketi, alisimama, akafunga kifungo cha shati, akainua kamba kabla hatujafika, na mama mkwe wangu akamshukuru kwa kichwa kama mtu aliyezoea. Mara mbili nilimwomba asimame kwa ajili ya tumbo. Mara zote mbili aliangalia saa kwanza, halafu akasimama.

Kabla ya kuingia mjini kuna kipande kilichonyooka. Pale akakaza kitambaa cha kichwa, akakanyaga. Sitawaambia mwendo ulikuwa kiasi gani, kwa sababu macho niliyafumba. Nilisikia tu anacheka.

Kamanyola

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa sita. Bwana Zihalirwa alikuwa amesimama kando ya gari lake, mtu mfupi mwenye suti ya kijivu, na pembeni yake shofere wake, kijana mtanashati mwenye glovu. Bwana Zihalirwa alimwona mwanamke wa miaka sitini na kitu akiteremka kwenye usukani, akampa salamu ya haraka, akaja kwangu. Nilikuwa na bakuli mkononi.

Aliniuliza radieta ni ya gari gani. Sikujua. Aliuliza paa lilikatwa sentimita ngapi, na kama nguzo ziliimarishwa. Nikamtazama Mama Riziki. Yeye akajibu. Akajibu na la freni, na la difu, na la kelele ndogo inayosikika ukikata kona kushoto, akamwambia asiruhusu fundi yeyote aiguse, kwani ikinyamaza ndiyo hatari. Kufikia swali la nne Bwana Zihalirwa alikuwa amenipa mgongo kabisa, na mimi nikaenda kukaa kwenye kivuli.

Walikubaliana wenyewe. Bei sitaisema, ila kiwanja kimepatikana, na matofali yameanza kupangwa.

Kabla Mama Riziki hajatoa ufunguo nilimwita pembeni. Nilikuwa nimemwona usoni barabarani, na jambo lilikuwa linanisumbua. Nilimwambia tunaweza kurudi nalo, kwamba mimi na Riziki tutatafuta namna nyingine, hata kama ni polepole.

Alifikiri. Sitasema hakufikiri.

"Minye nalala ndani ya chumba ya dada, gari inalala inje," alisema. "Mumoja wetu apate nyumba."

Basi akampa ufunguo yule shofere, aliyeingia na kuzima moteri mara tatu. Mama mkwe alimvua glovu kwanza. Akakaa kando yake, kiti cha kulia, akamzungusha uwanja mzima wa soko, na mara kwa mara tulisikia kiganja kikipiga mlango: mara moja, mara mbili. Bwana Zihalirwa aliangalia saa yake, akaangalia lile gari linavyozunguka, akairudisha saa mfukoni. Arusi ilingoja.

Waliondoka wakifuatana, suti ya kijivu mbele, Mamba nyuma, wakashika njia ya Ngomo inayopanda mlimani. Vumbi lilipotulia hatukuwaona tena, tulikuwa tunasikia tu. Nilisema twende tutafute gari la kurudi. Mama Riziki hakunisikia. Alikuwa amesimama kando ya barabara, kichwa kimeinama upande, na mguu wake wa kushoto, ndani ya kandambili, ulikuwa unakanyaga vumbi kama klachi.

Alikanyaga mara moja, na muda kidogo baadaye huko juu moteri ikalalamika, ikabadilika. Shofere amechelewa. Akakanyaga tena. Amechelewa tena, lakini si sana. Nikasimama karibu yake. Mlio ulikuwa mdogo sasa, wa mbali, unaingia kona na kutoka.

Mguu wake ukashuka mara ya tatu, na papo hapo, kule mlimani, mlio ukashuka pamoja nao.

"Njo vile," alisema. "Atafika."